Nani Anakataa Parachichi? Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza cha Ripoti na Mikataba Yetu

Anayeandika kwa Kiingereza huku Mbeya na Iringa, iwe ripoti ya mradi wa maji, tasnifu ya chuo au taarifa ya chama cha wakulima, ataambiwa mapema aepuke kauli ya kutendwa, yaani sentensi inayotanguliza kilichotendwa na isiyolazimika kumtaja mtenda. Wakufunzi wa semina wanalisisitiza hilo, wafadhili wanaliandika pembeni mwa rasimu, na programu za kompyuta zinapigia mstari kila sentensi zinayoishuku. Ushauri wenyewe una mashiko. Tatizo ni kwamba umegeuka amri, na amri hiyo inaharibu sentensi zilizokuwa nzuri huku mbovu kuliko zote zikipita bila kuguswa.

Nianze pale ambapo ushauri huo ni wa kweli kabisa. Wakulima wengi wa Rungwe na Njombe wamepanda parachichi za aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje, na biashara hiyo inakuja na mikataba ya Kiingereza. Tuseme mkataba una kifungu hiki, nilichokitunga kwa mfano: "Fruit may be rejected upon inspection." Maneno sita tu, na sarufi yake haina kasoro. Matunda yanaweza kukataliwa baada ya ukaguzi. Yatakataliwa na nani? Na mkusanyaji aliyefika shambani Tukuyu, na mkaguzi wa kituo cha kufungashia, au na mnunuzi wa Ulaya baada ya kontena kusafiri baharini kwa wiki kadhaa? Tunda lililokataliwa shambani bado linaweza kupelekwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, likauzwa kesho yake. Lililokataliwa ng'ambo limeshakula gharama za usafiri, na kifungu hakisemi atakayezilipa ni nani. Sasa kiandikwe upya: "The buyer's inspector may reject fruit at the packhouse, before the buyer takes delivery." Kimekuwa kirefu zaidi, lakini mkulima, au binti yake wa kidato cha nne anayemsomea, anajua mkaguzi ni wa nani, anakagulia wapi, na hatari inahama lini kutoka mikononi mwa mkulima kwenda kwa mnunuzi.

Barua za kazi ni vivyo hivyo. Mfanyakazi wa shamba la chai anayeandikiwa kwamba makato "yatafanywa" kwenye mshahara wake ana haki ya kujua aliyeamua, maana huyo ndiye atakayemwendea kulalamika. Serikali ya Marekani iliona uzito wa jambo hili ilipopitisha sheria ya lugha nyepesi mwaka 2010. Miongozo yake inawataka watumishi waandike kwa kauli ya kutenda ili msomaji ajue nani anawajibika na nini. Na ni Marekani hiyohiyo ambako Rais Ronald Reagan, akihutubia Bunge mwaka 1987 juu ya sakata la serikali yake kuiuzia Iran silaha kwa siri, alisema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanyika, ila sentensi haikumtaja aliyeyafanya.

Hapo ndipo watetezi wa amri hii hupenda kuishia. Mimi naona hapo ndipo tunapopaswa kuanza kutazama kwa makini. Hebu iondoe kauli ya kutendwa katika maneno ya Reagan, useme "serious mistakes occurred", makosa makubwa yalitokea. Programu ya kompyuta itaridhika kwa sababu hiyo ni kauli ya kutenda. Je, mtenda amepatikana? Amezidi kupotea. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ya kulielewa hili bila kufundishwa, kwa kuwa lugha yetu inatenganisha kutendwa na kutendeka. Mweka hazina akisema fedha zimeibwa, kikao kizima kitauliza, na nani? Akisema fedha zimepotea, swali hilo halina pa kushika. Kauli ya kutendwa inakiri kwamba mtenda yupo, hata kama haimtaji. Kwa hiyo mwandishi anayebadilisha kila "was lost by" na "was delayed by" kuwa "there were losses" na "delays occurred" ili tu mistari ya programu iondoke, ameitii amri na kumwibia msomaji kile ambacho amri ililenga kumpa.

Kuna pia aina ya kauli ya kutendwa ambayo ni kosa kweli katika Kiingereza chetu, na chanzo chake kinastahili kuelezwa kwa heshima badala ya kuchekwa. Mwanafunzi anaandika "I was stolen my phone". Anatafsiri "nimeibiwa simu", kwa kuwa Kiswahili kina kauli ya kutendewa inayomweka mbele mtu aliyepatwa na jambo: ameibiwa, ameletewa, amenyeshewa, amefiwa. Kiingereza kinaruhusu hivyo kwa vitenzi vichache, kama cha kupewa na cha kuambiwa, kisha kinafunga mlango. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi huyo aepuke kauli ya kutendwa hamsaidii, kwa sababu sahihisho la kawaida kabisa, "My phone was stolen", nalo ni kauli ya kutendwa! Na hapo ndiyo inayofaa kuliko zote, maana mwizi hajulikani na habari yenyewe ni simu. Afundishwe ni vitenzi gani vya Kiingereza vinavyomkubali mpokeaji kuwa kiima na ni vipi vinavyomkataa. Hiyo ni kazi ya vipindi kadhaa darasani, na itamfaa zaidi ya katazo la jumla.

Katika sayansi mabishano ni mafupi zaidi. Mtafiti wa viazi wa kituo cha utafiti cha Uyole akiandika kwamba mbegu zilipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hakuna anayetaka kujua nani alishika jembe. Kilicho muhimu ni mbegu na nafasi, na kauli ya kutendwa inaviweka mbele. Hata hivyo dhana kwamba sayansi haikubali "sisi" haina msingi: wanasayansi James Watson na Francis Crick walianza makala yao ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA kwa "We wish to suggest", na jarida lililoichapisha, Nature, leo linawaambia waandishi wake kwamba linapendelea kauli ya kutenda. Wapo wasimamizi wa tasnifu ambao bado wanakata kila "we" kwa wino mwekundu, na mwanafunzi anabaki katikati. Mgawanyo ninaoutetea ni huu: vipimo na hatua za kawaida vinaweza kubaki katika kutendwa, lakini uamuzi utajwe na mwenyewe. Kaya fulani za Kyela zikiachwa nje ya sampuli, hazikujiacha zenyewe.

Mwandishi Mwingereza George Orwell hutajwa sana upande wa katazo, kwa kuwa katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya lugha ya Kiingereza aliandika kwamba usitumie kauli ya kutendwa pale unapoweza kutumia ya kutenda. Wanaomnukuu wangesoma sentensi ya kwanza ya insha hiyohiyo, ambayo ndani yake kuna "it is generally assumed". Aliitumia kwa sababu alikuwa akizungumzia dhana ya watu wengi wasio na jina moja, na sentensi inasomeka vizuri.

Hoja nzito kuliko zote ya kutetea kauli ya kutendwa katika mazingira yetu, nadhani, ni heshima. Muhtasari wa kikao cha kijiji ukiandikwa "it was agreed that", unaeleza jambo la kweli: watu walibishana, wakasikilizana, na wakatoka na neno moja. Kumtaja mzee aliyependekeza jambo na likakataliwa kungemvunjia hadhi bila faida kwa yeyote. Vivyo hivyo mtu aliyetoa taarifa ya wizi wa mabomba analindwa na "it was reported". Hapo kuficha jina ni uungwana, na wakati mwingine ni usalama. Wafadhili wanaodai majina katika kila sentensi hawajui wanachokiomba.

Lakini heshima hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni sehemu ya muhtasari inayohusu kazi za kufanywa. Katika chombo cha watumia maji, "the pump is to be repaired" ni njia ya uhakika ya pampu kukaa bovu hadi kikao kijacho, kisha sentensi ileile inanakiliwa. Hakuna hadhi ya mzee yeyote inayolindwa pale. Iandikwe kwamba fundi atatengeneza pampu, mweka hazina atatoa fedha za vipuri, na katibu atatoa taarifa, kila mmoja na tarehe yake. Ukiona aibu kumpa mtu kazi kwa maandishi, basi kikao hakijaamua kitu.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, lakini mkataba kati ya kampuni na chama cha wakulima unaweza kuendelea kuja kwa Kiingereza kwa sababu mnunuzi wa mwisho yuko nje. Viongozi wa vyama vya ushirika na maafisa ugani wanaoisoma mikataba hiyo kwa niaba ya wengine hawahitaji kuondoa kila kauli ya kutendwa waionayo. Vifungu vya joto la kuhifadhia na uzito wa kasha vinaweza kukaa vilivyo. Wavisake vile vya kukataa, kukata, kuchelewesha na kulipa, wamuulize mnunuzi "na nani, na wapi?", na jibu liingizwe kwenye karatasi kabla mwanachama yeyote hajaweka sahihi.