Nondo Huyu Hana Haja na Leso Zako

Juzi hapa mtaani kwetu Kisauni, mama mmoja ninayemheshimu sana alimaliza karibu kopo zima la dawa ya mbu ukutani. Adui mwenyewe: nondo mmoja mdogo, mabawa meupe yenye vidoa vyekundu na vyeusi. "Mwanangu, hawa ndio wanaonimalizia leso." Nikanyamaza, mkubwa habishiwi barazani. Hapa nabisha.

Leso ni pamba. Nondo wa makabatini ni wa ukoo mwingine kabisa, tena si yeye anayekula nguo. Ni viwavi wake, nao hutaka sufu, hariri na manyoya. Haya, pamba yenye jasho na mafuta ya biriani huweza kuguswa. Basi fua! Ogopea joho la harusi.

Huyu wa ukutani ni Utetheisa pulchella. Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimwandika tangu 1758, na yuko Afrika, Asia, hata kusini mwa Ulaya. Huruka mchana kweupe, hajifichi, na ana sababu. Kiwavi wake hula marejea, yale yenye maua ya manjano na maganda makavu yanayolia ukiyatikisa. Sumu ya mmea haimdhuru. Anaihifadhi mwilini, na akishageuka nondo bado anayo. Vidoa vile ni onyo: ndege, usijaribu.

Binamu yake wa Marekani, Utetheisa ornatrix, alichunguzwa na mtaalamu wa wadudu Thomas Eisner. Nondo huyo akinaswa kwenye utando, buibui humkatia nyuzi akamwachia aende zake. Buibui, yakhe, anamfungulia mlango! Na si hayo tu. Dume humpa jike sehemu ya sumu wanapopandana, jike naye huitia kwenye mayai, watoto wakazaliwa na ulinzi wao. Jike hata humchagua dume kwa harufu inayotokana na sumu hiyohiyo. Mwenye nyingi ndiye apendwaye. Mahari yenye maana hiyo, sisi twahangaika na kabati na sofa.

Sawa, ng'ombe akila marejea ini huharibika. Mfugaji ana haki yake, malishoni ang'oe. Lakini kwenye kiwanja kitupu, ambacho mwenyewe yuko Dubai akingoja bei ipande, marejea yanamsumbua nani?