Oscar na lawama za watazamaji: tatizo liko kwenye hesabu zinazofichwa

Kila mara bahasha ya mwisho ya tuzo za Oscar inapofunguliwa Los Angeles, huku kwetu Afrika Mashariki ni alfajiri ya Jumatatu, na kabla watu hawajafika kazini mabishano yameshapamba moto. Upande mmoja unasema fulani kabebwa, fulani kaporwa, na kwamba wapiga kura ni watu waliojitenga na filamu ambazo dunia nzima inazitazama. Upande wa pili unajibu kwamba hii ni tuzo ya watu wa fani kupima kazi za wenzao, na mtazamaji alishapiga kura yake siku aliponunua tiketi.

Pande zote mbili zina hoja. Lakini mabishano mengi huishia hewani kwa sababu wabishi hawajui kura zenyewe zinahesabiwaje. Oscar haina hesabu moja. Ina hesabu tatu tofauti, na kila moja ina namna yake ya kumwacha mtu unayempenda.

Tuanze na uteuzi, maana hapo ndipo wengi huondolewa, siyo usiku wa sherehe. Wanachama wa Akademi, taasisi ya Marekani inayotoa Oscar, ambao sasa wanapita elfu kumi, wamegawanywa katika matawi. Waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji, wahariri huteua wahariri. Mpiga kura anaandika majina kwa kuyapanga: wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Tuseme tawi la waongozaji limerudisha karatasi 600 na nafasi ni tano. Unachukua 600, unagawa kwa sita (nafasi tano ongeza moja), unapata 100, unaongeza kura moja. Atakayefikisha 101 ameingia. Mwenye kura chache kabisa za nafasi ya kwanza anaondolewa, na karatasi zake zinahamia kwa jina linalofuata. Zoezi linarudiwa hadi nafasi zijae.

Matokeo yake ni kwamba uteuzi hauwapi nafasi watu wanaopendwa kiasi na kila mtu. Unawapa wale wanaopendwa sana na kundi dogo. Mwongozaji aliyewekwa wa tatu na watu 400 lakini wa kwanza na watu 20 tu anaweza kutolewa mapema, na zile nafasi za tatu zisihesabiwe kabisa.

Mwaka 2024 hili liliwasha moto. Barbie, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, iliteuliwa mara nane, lakini Greta Gerwig aliyeiongoza hakuteuliwa kuwa mwongozaji bora wala nyota wake Margot Robbie mwigizaji bora wa kike. Ryan Gosling, mwigizaji wa kiume wa filamu hiyo, aliteuliwa, na watazamaji wengi wakaona hicho ni kichekesho kichungu kwa filamu inayozungumzia wanawake kupuuzwa. Hasira hiyo inaeleweka. Ila waliosema waongozaji wamekataa wanawake walisahau kuwa mwanamke mwingine, Justine Triet, aliteuliwa katika kipengele kilekile. Yawezekana Gerwig alikuwa na kura nyingi za nafasi ya pili na ya tatu. Yawezekana pia alikuwa na chache tu. Akademi haitangazi idadi ya kura, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko uteuzi wowote. Nitalirudia.

Hesabu ya pili ndiyo nyepesi. Katika duru ya mwisho wanachama wote wanapiga kura katika vipengele vyote, na karibu vyote huamuliwa kwa wingi wa kawaida: mwenye nyingi kushinda wenzake anachukua, hata kama hana nusu. Katika karatasi 1,000 na wateule watano, kura zinaweza kwenda 240, 210, 195, 185 na 170. Mwenye 240 ndiye mshindi, ingawa watu 760 walimtaka mwingine. Mwaka 2025 Mikey Madison wa filamu ya Anora alipomshinda Demi Moore katika tuzo ya mwigizaji bora wa kike, ambaye alikuwa amechukua Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji, wengi walisema mkongwe kaonewa na Hollywood imependelea ujana. Madison naye alikuwa ameshinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa hiyo hakuibuka kutoka gizani. Katika hesabu ya aina hii, tofauti ya kura chache tu inatosha kutengeneza mshindi na "aliyeporwa", na anayetazama runingani hana njia ya kujua kama mpambano ulikuwa wa karibu au wa mbali.

Hesabu ya tatu inatumika kwa filamu bora peke yake, na ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Ilianza baada ya kilio cha watazamaji wenyewe. Januari 2009 The Dark Knight haikuteuliwa kuwa filamu bora, lawama zikawa nyingi, na miezi michache baadaye Akademi ikaongeza wateule kutoka watano hadi kumi. Kwa filamu kumi, wingi wa kawaida ungeweza kutoa mshindi mwenye zaidi kidogo ya kura moja katika kila kumi. Kwa hiyo mpiga kura sasa anazipanga filamu zote kumi, na mshindi lazima avuke nusu.

Chukua mfano wa karatasi 1,000 na filamu nne tu ili hesabu iwe fupi. Nafasi za kwanza ni hivi: A kura 400, B 270, C 210, D 120. Hakuna aliyefika 501, basi D inatoka. Karatasi zake 120 zinasomwa chaguo la pili: 70 zinakwenda B, 30 C, 20 A. Sasa A ina 420, B 340, C 240. C inatoka, na kati ya karatasi zake 240, B inapata 175 na A 65. Mwisho: A 485, B 515. B imechukua tuzo, ingawa A iliongoza kila raundi isipokuwa ya mwisho.

Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini filamu inayogawanya watu, hata ikiwa na mashabiki wakali, hupata shida mbele ya filamu ambayo wengi wameiweka ya pili au ya tatu. Wachambuzi wengi huutumia mfumo huu kueleza mwaka 2017, pale La La Land yenye uteuzi 14 ilipochukua tuzo sita lakini filamu bora ikaenda kwa Moonlight, na mwaka 2019, Green Book ilipozishinda Roma na Black Panther. Ni maelezo yenye mantiki. Hayajawahi kuthibitishwa kwa namba.

Je, dawa ni kuwapa watazamaji kura? Wanaounga mkono wana takwimu mkononi. Mwaka 1998, Titanic iliposhinda, sherehe ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 55 Marekani. Mwaka 2021 walikuwa takriban milioni 10.4. Wanasema zipeni tuzo filamu zinazopendwa, watu watarudi. Hoja hii inayumba ukiiangalia miaka ya karibuni. Mwaka 2024 ilishinda Oppenheimer, filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 900, na watazamaji walikuwa takriban milioni 19.5. Mwaka uliofuata ilishinda Anora, filamu ndogo ambayo wengi hawakuwa wameiona, na watazamaji wakawa takriban milioni 19.7. Umaarufu wa mshindi haukubadilisha kitu.

Majaribio nayo yamefanyika. Agosti 2018 Akademi ilitangaza kipengele cha filamu inayopendwa na wengi. Watengenezaji wa filamu walikipinga kwa hofu kwamba Black Panther ingewekwa kwenye chumba cha pembeni, na Septemba mpango ukawekwa kando. Kisha Black Panther ikateuliwa kuwa filamu bora kwa njia ya kawaida na kuondoka na tuzo tatu. Mwaka 2022 wakajaribu tena kupitia Twitter: mtu aliruhusiwa kupiga kura hadi mara 20 kwa siku. Mshindi akawa Army of the Dead ya Zack Snyder, huku Spider-Man: No Way Home, iliyoingiza karibu dola bilioni 1.9, ikiachwa nyuma. Kura 20 kwa siku hazipimi watu wangapi wameipenda filamu. Zinapima kundi gani lina muda na mpangilio. Mtazamaji wa kawaida, aliyekwenda sinema na familia yake akarudi nyumbani ameridhika, hakuwakilishwa kabisa.

Kura ya watazamaji inaweza kufanya kazi ikitengwa na kutajwa wazi. Tuzo za filamu za Afrika za AMVCA, zinazotolewa Lagos, zina vipengele vya kura za watazamaji na vipengele vya majaji, na mtu anajua anasherehekea ipi. Kuchanganya mambo mawili ndani ya tuzo moja ndiko kunakoharibu.

Hii haina maana kwamba watazamaji wakae kimya. Kilio kinacholenga mahali sahihi kimewahi kuibadilisha Oscar. Mwaka 2015 na 2016 waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa weupe, na kampeni ya mitandaoni iliyoanzishwa na mwanaharakati April Reign haikuishia kutaja nani kaachwa. Iliuliza nani anapiga kura. Uchunguzi wa Los Angeles Times wa mwaka 2012 ulikuwa umeonyesha asilimia 94 ya wapiga kura ni weupe na asilimia 77 ni wanaume. Januari 2016 Akademi iliahidi kuongeza maradufu idadi ya wanawake na wanachama kutoka jamii zilizoachwa nyuma ifikapo 2020, na mwaka 2018 pekee ilialika watu 928. Februari 2020 Parasite ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua filamu bora. Hata kampuni ya wahasibu inayohesabu kura ililetwa katika miaka ya 1930, baada ya watu kuchukizwa kwamba mwigizaji Bette Davis ameachwa nje ya uteuzi.

Mwaka 2025 Akademi ilitangaza kanuni nyingine nzuri: mwanachama lazima awe ametazama filamu zote za kipengele ndipo apige kura ya mwisho katika kipengele hicho. Filamu alizotazama kwenye jukwaa la Akademi zinajulikana zenyewe. Alizotazama kwingine anazijazia fomu, na hapo kila kitu kinategemea uaminifu wake.

Kinachobaki ni namba. Wanaotetea usiri wanasema kutangaza kura kutawadhalilisha walioshindwa, na kumfanya mshindi wa kura chache aonekane hastahili. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini historia ya Oscar yenyewe inaipunguza nguvu. Mwaka 1932 ilijulikana kwamba mwigizaji Fredric March alimzidi mwenzake Wallace Beery kwa kura moja tu, na kwa kanuni za wakati ule wote wawili wakapewa tuzo. Hakuna aliyedhalilika. Namba zikitolewa hata baada ya miaka mitano, tutajua kama Gerwig alikosa kwa kura tano au kwa mia, na kama Moonlight ilitoka nyuma kweli. Bila namba, anayesema kuna upendeleo na anayesema hakuna wote wanabahatisha.

Kwa mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam kuna mahali pa kupaza sauti palipo karibu zaidi, napo ni uteuzi wa filamu ya nchi. Katika kipengele cha filamu ya kimataifa kila nchi hupeleka moja tu, iliyochaguliwa na kamati ya humo humo nchini. Zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yasiwe ya Kiingereza, kanuni iliyoiondoa Lionheart ya Nigeria mwaka 2019, na filamu lazima ionyeshwe sinema siku saba mfululizo. Mwaka 2018 mahakama ya Kenya iliiruhusu filamu ya Rafiki, iliyokuwa imepigwa marufuku, ionyeshwe kwa siku saba tu ili ipate sifa hiyo, kisha kamati ikaichagua Supa Modo. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, na Vuta N'kuvute ndiyo iliyofuata, mwaka 2022. Nani wamekaa kwenye kamati, filamu ngapi zimeombewa nafasi, ipi imekwama kwa kukosa siku saba za sinema au kwa Kiingereza kingi: haya ni maswali yanayoweza kuulizwa hapa nyumbani, miezi mingi kabla ya usiku wa Los Angeles.