Dereva Mwenye Homa Atabaki Nyumbani kwa Pesa ya Nani?

Juzi mchambuzi mmoja redioni alizisifu kampuni za taksi mtandao na za kupangisha vyumba kwa jinsi zilivyovuka Korona. Nilizima redio kwa hasira, na hasira yenyewe haijaisha.

Zilivuka, ndiyo. Airbnb ilikopa dola bilioni 2 Aprili 2020, ikaachisha kazi watu wapatao 1,900 mwezi uliofuata, na Desemba ikaingiza hisa zake sokoni. Uber nayo ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 6,000 Mei hiyohiyo huku biashara yake ya kupeleka chakula ikipanda. Nakubali pia kwamba Uber iliahidi malipo ya hadi siku 14 kwa madereva waliougua au kuwekwa karantini. Lakini gari si la kampuni, pikipiki si ya kampuni, na deni la chombo halikuwa lake.

Njoo Mwanza sasa. Sisi hatukufungiwa. Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya ziwa, bodaboda zao zilikatazwa kubeba abiria tangu Machi hadi mwishoni mwa Julai. Basi watu husema wetu walinusurika. Si kweli. Vyuo vilipofungwa Malimbe ilibaki tupu, na kijana wa bodaboda wa pale Nyegezi aliyekuwa akiwategemea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha SAUT alitakiwa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu ileile, yaani pesa waliyokubaliana, kila jioni. Mtaani kwetu yuko aliyenyang'anywa pikipiki mkataba ukikaribia kuisha. Mwenye pikipiki simlaumu sana; ni mama mjane, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya nyumba.

Kijiwe kilijitahidi. Mwenzao akianguka, wanachanga, akifiwa, wanachanga. Mfuko wa kijiwe humfaa mmoja anapopatwa na wengine wakiwa salama. Korona iliwapiga wote mwezi mmoja, nani angemchangia nani? Hapo ndipo alipotakiwa mwenye mfuko mpana kuliko kijiwe, na huyo ni kampuni inayokata kamisheni kwa kila safari, miji yote, kila siku.

Wanaodhani nawaonea huruma madereva tu hawajafikiria ugonjwa wenyewe. Marburg, ugonjwa hatari wa virusi wa jamii ya Ebola, ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikarudi Januari 2025 wilayani Biharamulo. Hao ni majirani zetu, mabasi yao yanashusha abiria hapa kila siku. Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Sasa nani hubeba mgonjwa usiku kumpeleka hospitali ya Sekou Toure au Bugando? Bodaboda, mgonjwa akiwa amemwegemea mgongoni. Kesho yake dereva akipata homa, tunamwambia ajitenge. Ajitenge ale nini? Ataendesha na homa yake, atabeba mtoto wako na wangu. Kumlipa abaki nyumbani ni kinga ya mji mzima, sawa na maji na sabuni.

Ninachotaka ni hiki: sehemu ya kamisheni itengwe kila safari wakati wa amani, na Wizara ya Afya ikitangaza mlipuko, madereva wa mkoa ule walipwe kutoka humo. Anayepaswa kujitenga alipwe kwanza.

Nitaambiwa kampuni zitaondoka. Ni hoja yenye uzito, nakiri, maana LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipobana kamisheni hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma Aprili. Lakini mwaka uliofuata ilirudi, baada ya masharti kujadiliwa upya. Kumbe mazungumzo yanawezekana. Mbona yalikuwa ya kamisheni tu, dereva anayeugua akaachwa nje?

Na wasiseme ni vigumu kuwafikia. Kampuni ina jina la kila dereva, namba yake ya simu na hesabu ya safari zake za mwezi uliopita. Mlipuko ukitangazwa jioni, malipo yanaweza kuwa kwenye simu yake kabla hajawasha pikipiki asubuhi.