Mbwa wa Mwaka 1577 na Kuku Wangu

Kazi yangu huku Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ni kulea wazee. Bibi ninayemhudumia kavuka miaka 80, na ananiita "mpenzi" mbele ya kila mtu, hata mke wangu akiwa hewani kwenye simu ya video. Hilo limeshaniletea kikao cha familia kule Tanga.

Bibi huyo ndiye aliyenitia Black Shuck kichwani: mbwa mweusi, ukubwa wa ndama, macho yanawaka, anazurura usiku njia za Suffolk na Norfolk. Tarehe 4 Agosti 1577, watu wako kanisani Bungay, nje radi zinapiga, eti akaingia akaua wawili waliokuwa wakisali. Hakutosheka. Akaenda Blythburgh, huko nako wakafa watu, mnara ukaporomoka. Mwandishi Abraham Fleming aliyatoa kwenye kijitabu mwaka huohuo. Mimi najua ni radi tu. Lakini nimepelekwa kuuona ule mlango wa kaskazini pale Blythburgh, na alama zipo, nyeusi, zimeunguza mbao. Wenyeji wanakwambia ni kucha zake. Na hawa ndio wanaocheka majini yetu! Bungay wamemweka mbwa huyo kwenye nembo ya mji, na timu yao ya mpira inaitwa Mbwa Weusi.

"Ukimwona tu," Bibi aliniambia huku akichovya biskuti kwenye chai, "mwaka hauishi, umekufa."

Basi jioni moja ya Novemba natoka kazini. Saa kumi na moja, giza totoro, ukungu umelala juu ya matete. Mkononi nina mfuko wa mapaja ya kuku niliyokaanga kwa Bibi, akala moja. Nyuma yangu nikasikia kitu kinahema. Nikasimama, nacho kikasimama. Nikamulika kwa simu: macho mawili, ya kijani, yananitazama usawa wa kiuno.

Nikaanza Ayatul Kursi. Ninaijua tangu chuoni, lakini siku hiyo ilitoka vipande vipande, katikati nikachanganya na dua ya kula. Lile dude likapiga hatua. Nikasema miguu niponye, nikatoka nduki, na kwenye kona njia ikaenda kushoto, mimi nikaenda moja kwa moja mtaroni. Tope mpaka kiunoni. Kiatu cha kulia sijakiona hadi leo.

Nilipoinua kichwa, jitu limekaa ukingoni linatafuna paja la kuku, mkia unapiga nyasi pwa, pwa, pwa.

"Poppy!" Mzee mmoja akachomoza na kamba mkononi. Akaomba radhi mfululizo, lakini wasiwasi wake mkubwa, nilikuja kugundua, ulikuwa pilipili. "Umemtia viungo gani? Tumbo lake ni jepesi."

Asubuhi nikamsimulia Bibi, nikitarajia tucheke. Hakucheka hata kidogo. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Na una hakika Poppy ndiye aliyekuwa anahema mwanzo?"

"Bibi, nani mwingine?"

"Sawa, mpenzi. Ila ukianza kujisikia vibaya niambie mapema. Watu wa ofisini huchelewa sana kuleta mlezi mwingine."