Bustani si kabro tu, miti nani ataitunza?

Hii habari inasema bustani za mjini Nairobi zitaongezwa kabro (yale matofali ya kupanga chini), viti na mataa, sawa, lakini miti je? Mimi hupitia Jeevanjee karibu kila siku nikienda kazi, ile bustani mfanyabiashara A.M. Jeevanjee alipea watu wa Nairobi 1906, na saa saba mchana unapata wahubiri, watu wamelala kwa nyasi, mwingine amejifunika uso na gazeti, yaani hapo ndio mtu wa kibarua anapumzika bila kuulizwa ananunua nini. Sasa wiki jana nimeona mti mahali kando ya barabara, kabro imepangwa mpaka imekaba shina, hakuna hata inchi ya udongo imeachwa, maji ya mvua inateleza tu inaenda kwa mtaro na matawi ya juu yashaanza kukauka. Jameni mizizi inataka hewa na maji! Acheni udongo wazi kuzunguka shina, hata mita moja kila upande, na mtandaze majani makavu juu yake badala ya kuyachoma.

Na tusisahau 1989 Mama Wangari Maathai alipigania Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60, akatukanwa mpaka bungeni, na hakurudi nyuma. Hiyo pesa ya mataa afadhali kwanza muandike watu wa kumwagilia miche Januari na Februari, ju ile tunapanda mvua ya Novemba hufia hapo hapo jua ikianza kuchoma.