Tona ya rangi inasingiziwa

Malalamiko kuhusu printa ya leza ya rangi huanza siku tona za kwanza, yaani makasha ya unga wa kuchapia, zinapoisha. Zinatakiwa nne: nyeusi, samawati, majenta na manjano. Zikinunuliwa kwa pamoja, bei yake huikaribia ya printa yenyewe, pengine huipita. Hapo ndipo printa ya tanki la wino husifiwa. Ila zile tona zilizokuja na printa aghalabu hujazwa kidogo kuliko za dukani, hivyo kuisha kwake mapema hakupimi kitu.

Kipimo ni asilimia 5. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hufuata kiwango cha ISO/IEC 19798, ambapo kila rangi hufunika takriban asilimia 5 ya ukurasa. Barua yenye nembo ndogo haifiki hapo kwa rangi. Kipeperushi chenye usuli wa samawati uliofunika asilimia 60 kinakula mara 12: tona ya kurasa 1,200 inatoa 100 tu. Mwenye steshenari akiacha usuli uwe mweupe, rangi ikabaki kwenye vichwa vya maneno na nembo, hesabu inageuka kabisa. Na kazi ya maandishi matupu aichape kwa mpangilio wa nyeusi pekee, maana baadhi ya printa huchanganya rangi zote ili kupata weusi. Kuizima printa na kuiwasha kila saa nako kunagharimu; ikiamka huenda ikajisawazisha, na usawazishaji unakula unga.

Tona ya kujaza upya ni nafuu, lakini chipu yake huenda ikakataliwa baada ya programu ya printa kusasishwa, na unga usiolingana na joto la fyuza, sehemu inayoyeyusha unga ushike kwenye karatasi, haushiki vizuri: ukisugua kwa kidole, herufi zinatoka.

Kwa picha na mabango, tanki la wino linashinda, hakuna ubishi. Tena leza ina dramu (silinda inayobeba picha ya unga) na fyuza za kubadilisha baadaye. Lakini ofisi inayochapa ankara mara moja kwa wiki ihesabu pia wino unaokauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia. Kila ukikisafisha, wino unaishia kwenye sponji ya taka bila kuchapa hata herufi moja. Tona ni unga mkavu. Printa ikilala miezi miwili, ukurasa wa kwanza unatoka safi.