Shangazi, rudia dawa zako za presha

Jumamosi nilikwenda kumjulia hali shangazi. Mezani nikakuta kopo la vidonge vya reishi, ule uyoga mwekundu wa China, aliouziwa kwenye semina kwa shilingi 120,000. Pembeni, dawa zake za presha za mwezi mzima, hajatoboa hata kimoja. "Hivi vina antioksidanti, mwanangu. Seli hazizeeki." Miguu iliniisha nguvu.

Nina hasira, lakini haki niiseme. Uyoga una ergothioneini, aina ya antioksidanti ambayo miili yetu haiwezi kuitengeneza ila ina protini maalumu ya kuidaka kutoka kwenye chakula na kuiingiza ndani ya seli. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 2005. Mwaka 2018 Bruce Ames, mwanabiokemia wa Marekani, akapendekeza ergothioneini ihesabiwe miongoni mwa vitamini za maisha marefu. Sawa, nakubali. Ila ni pendekezo, na shangazi kauziwa tiba.

Kazi ya antioksidanti ni kuzima radikali huru, yaani chembe zinazoharibu seli, na ndani ya chupa ya maabara hata majani ya chai yanaweza. Mwili wa mama wa miaka 67 ni habari nyingine kabisa. Kule Finland walichukua wanaume 29,133 wavutaji sigara, baadhi wakapewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti iliyokuwa ikisifiwa sana wakati ule. Majibu yalitoka 1994: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Wewe unayeshika kipaza sauti mbele ya wazee wetu, umewahi kuwaambia hili? Presha haiumi, ndiyo maana dawa yake inaachwa kirahisi hivi, na kiharusi hakipigi hodi.

Tena ergothioneini hiyo hiyo imejaa kwenye mamama wetu, ule uyoga unaolimwa kwenye mifuko, na moto wa jikoni hauiharibu.

Nikatoka hadi sokoni, nikarudi na mamama. Nikawachana kwa mkono vipande virefu, nikawakaanga na kitunguu na nyanya mpaka maji yakakauka. Shangazi alikula na ugali bila kusema neno. Kopo hakulitupa, amelirudisha kabatini. Lakini Jumatatu asubuhi tunakwenda wote kliniki akapimwe, na paketi ya presha ameshaitia kwenye mkoba.